Unga wa Mawe Ulioungua Ndandalo

Mbugani, Kyela
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Kwako Atupele,

Hapa nyumbani wote wazima isipokuwa mimi, na hilo unalijua. Umekwenda Ngana kumuaga shangazi yako kabla ya safari yako ya masomo ng'ambo, mvua imekuzuia huko, nami nimepata nafasi niliyoitafuta wiki nzima. Naandika kwa sababu kifua hakiniachi nimalize sentensi mbili bila kukohoa, na kwa sababu kila nilipojaribu kusema, ulinikatisha.

Juzi nilikuita nikasema, "Atupele, kuhusu yale mawe." Ulikuwa umepiga magoti juu ya begi linalokataa kufungika. Ukajibu, "Mama, nimeshayafunga, kila moja na gazeti lake." Nikasema, "Siyo kufunga. Ni ule unga." Ukacheka. "Unga nao upo, chupa nimeiweka ndani ya soksi. Pumzika Mama, ndaga fijo." Ndaga fijo! Umenishukuru kama mtu anayemuondoa muuza karanga mlangoni.

Jana nikaanza tena, wakaingia majirani na mchele wao wa kukuaga. Ukaniwekea mkono begani ukawaambia, "Huyu mama mnayemwona kimya hapa ndiye aliyeonyesha kwamba chuma kilicho chini ya milima yetu si kama cha kwingine." Wakapiga vigelegele. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo tutachimba lini?" Wote wakacheka, nami nikapokea mchele. Nimekasirika tangu hapo, na sijui nimkasirikie nani zaidi, wewe au mimi.

Kwa hiyo usitafute humu habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za wanaume wa huko. Wenye ushauri huo wamejaa sebuleni kwetu mwezi mzima na wataendelea kukupigia simu. Mimi nina jambo moja tu. Ile namba yangu ya kipimo cha chuma ni mbovu. Namba yako ndiyo sahihi, na wewe unataka kuitupa.

Nilikusikia ukiongea na profesa wako kwenye simu. Nilikuwa barazani nachambua maharage, nawe ulikuwa chumbani na dirisha wazi. Vile vipande ulivyomtumia mapema vilikuwa vimepimwa, na chuma kilichooksidika kimeonekana kidogo, kama kilivyo kwenye mawe ya aina hiyo sehemu nyingi duniani. Ukamwambia, "Lazima kuna mahali nimekosea. Kipimo cha Mama ni kikubwa zaidi. Nikifika nitarudia mpaka niipate." Mpaka niipate! Nikauweka ungo chini. Mwanangu, anayepima mpaka aipate namba ya mama yake, ataipata. Ataacha chembe hii kwa kuwa haifai, atachukua ile, atalaumu mashine, na siku moja itatokea. Nimeona mtu akisukumwa kurudia hivyo, na aliyemsukuma ni mimi.

Nieleze tangu mwanzo. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini kaka zako nao wataisoma barua hii, na sitaki waseme mama alikuwa anaweweseka.

Huku kwetu Kyela ni tambarare tupu, udongo wa mpunga na kakao. Hata jiwe la kusugulia miguu unalifuata mtoni. Mawe yako kule juu Rungwe, kwenye miamba myeusi iliyomwagwa na volkano. Nilikuwa nimeajiriwa muda si mrefu na nimeolewa muda si mrefu nilipokuwa napanda huko na nyundo. Wanawake waliokuwa wakishusha ndizi waliniuliza, "Unatafuta nini, mama?" Nikajibu, "Mawe." "Kwani kwenu hakuna mawe?" Nikasema hakuna. Wakanionea huruma kweli kweli, mmoja akanipa ndizi za kula njiani.

Nilichokuwa natafuta ni vile vibonge vya kijani vilivyonaswa ndani ya jiwe jeusi. Wewe umevishika tangu ukiwa mtoto. Si vya volkano yenyewe. Ni vipande vya mwamba wa chini kabisa, chini ya ukoko wa dunia, ambavyo lava ilivibomoa njiani na kuvipandisha juu upesi kabla havijapata muda wa kubadilika. Hakuna mtu atakayechimba kufika huko. Hivyo vibonge ndivyo pekee vinavyotuletea habari.

Na habari mojawapo imo ndani ya chuma. Chuma kwenye mwamba huo kiko katika hali mbili. Kingi kimepoteza elektroni mbili. Kidogo kimepoteza tatu, na hicho ndicho ndugu yake kutu. Kadiri hicho cha pili kinavyozidi, ndivyo unavyojua kwamba huko chini kuna oksijeni zaidi inayopatikana kufanya kazi. Kutokana na hapo unakisia mengi: kama kaboni ya huko inakaa imetulia kama risasi ya penseli, au inaungana na oksijeni na kutoka kama gesi. Nanyi nyote mnajua mashimo ya kule milimani yanayotoa gesi, ambako asubuhi unakuta ndege wamekufa ukingoni. Kwa hiyo niliposema kwamba mwamba wa chini yetu umeoksidika kuliko wa wengine, watu waliitikia haraka. Ilifanana na ukweli. Hata mimi ilinisaidia kuiamini.

Sasa sikiliza nilivyoipata namba hiyo.

Nilikuwa nimekwisha kusaga vibonge hivyo kuwa unga laini, tayari kwa kupelekwa maabara. Nikapitia Ndandalo, kwa wazazi wa baba yako, kwa sababu ilikuwa masika na mkamwana hawezi kupita karibu na nyumba ya wakwe bila kuonekana. Pale kwenye kivuko mto ulikuwa umefura. Nikateleza, mfuko ukaingia majini, pakiti zikalowa zote. Unga wa jiwe uliolowa haufai kukaa hivyo, kwani maji na hewa vinaanza kula chuma chake. Nilihitaji kuukausha taratibu kwa joto dogo sana. Maabara kuna tanuri la kazi hiyo. Ndandalo kulikuwa na mafiga matatu na sufuria la mama mkwe.

Nikasema nitaweza. Nikatandaza makaa machache, nikaweka sufuria, nikamimina unga, nikawa nakoroga kwa kidole ili nijue joto halijazidi. Nilikuwa hodari, Atupele. Nilikuwa na shahada, na nilijiona hakuna jiko litakalonishinda.

Mara nikasikia kikohozi nje. Babu yako. Nyumba yake ilikuwa inavuja, mama mkwe yuko msibani, na mzee alikuwa amelowa na anatafuta moto. Alikohoa mlangoni kama adabu inavyotaka, ili kama yumo mkwe apate muda wa kutoka. Ninyi wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe mnatazama nao mpira, kwa hiyo inabidi nikueleze. Sisi mke wa mwana hakumwona baba mkwe wala kuonwa naye. Hukai naye chumba kimoja, humwambii neno, hata jina lake hulitaji. Nikatoka mlango wa nyuma nikaingia migombani. Sufuria likabaki motoni.

Nikasimama kwenye mvua nikitazama moshi wa jiko. Mwanzoni ulikuwa mwembamba. Kisha ukawa mnene, nikajua mzee anaongeza kuni.

Shangazi yako, huyo huyo uliyekwenda kumuaga leo, alikuwa msichana wakati huo. Akanikuta hapo nikitetemeka. Nikamwambia, "Wifi, nenda kamwambie baba aondoe sufuria motoni."

"Lina nini?"

"Unga."

"Unga gani?"

"Wa mawe."

Akanitazama, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mgomba. "Wifi! Nikaseme hivyo kwa baba? 'Baba, mkweo anakaanga mawe'? Kesho tutasikia kijiji kizima umekuja kuroga."

Hapo ndipo palipo na jambo lenyewe, na ninataka ulione vizuri, kwa sababu nimeipindisha hadithi hii mara nyingi kichwani. Miaka yote nimejiambia kwamba mila ilinifunga mdomo. Si kweli. Mila ilinipa mdomo mwingine wa kutuma, nao ulikuwa mbele yangu, wenye miguu na mbio. Ningesema tu, "Nenda hivyo hivyo, kaseme ni dawa," angekwenda. Nilichoogopa ni kuchekwa. Msomi niliyetoka mjini na nyundo, nionekane nakaanga mawe kama mwehu. Nikasema, "Basi, acha." Neno hilo tu. Basi, acha. Nikaendelea kulowa.

Mvua ilipopungua mzee akaondoka. Njiani akakutana na mama mkwe akirudi msibani, na mama mkwe akanifikishia ujumbe kwa sauti ya upole kabisa: "Baba yako anasema ile dawa yako ameichochea vizuri, imeiva, imekuwa nyekundu." Alikuwa amenisaidia, masikini. Alifikiri nimeiacha ipoe.

Nikakimbilia jikoni. Unga niliouacha ukiwa wa kijivu chenye ukijani ulikuwa umegeuka rangi ya tofali pembeni, na katikati hudhurungi. Hewa, maji na moto vilikuwa vimefanya kazi yao. Chuma kilichopanda kutoka kuzimu ya dunia bila kubadilika, kikavuka volkano salama, kilioksidika kwa kuni za mzembe mmoja wa Ndandalo. Mzembe ni mimi, si babu yako.

Ningeweza kuumwaga pale pale na kupanda tena Rungwe. Vibonge vilikuwepo, miguu ilikuwepo. Lakini muda wa kuwasilisha ulikuwa umekaribia, mvua haijaisha, na mkuu wangu wa kazi alikuwa ameshasema mbele ya wenzake kwamba kumpeleka mwanamke milimani ni kupoteza mafuta ya gari. Nikakoroga wekundu ukapotea ndani ya ukijivu. Nikafunga chupa. Kwenye ripoti nikaandika kwamba sampuli zilikaushwa kwa joto dogo.

Maabara waliyeyusha unga huo kwenye tindikali, wakapima chuma cha aina ya kwanza, wakatoa kwenye jumla, wakapata cha aina ya pili. Kilikuwa kingi. Hawakukosea hata kidogo. Walikipima kwa usahihi kabisa kile kilichotoka kwenye sufuria la mama mkwe.

Na hata hapo, mwanangu, ningeweza kurudi nyuma. Nilipewa nafasi nyingine, tena na mtu mwema, na hapo ndipo ninapochomwa zaidi.

Unamkumbuka Hamisi kwenye picha ile ya ofisini, mrefu mwenye kofia? Alihamishiwa kwetu kutoka Lindi. Alikuwa mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza. Akachukua vibonge kutoka mahali pale pale, akavisaga kwa uangalifu, akapata chuma cha pili kidogo. Akaja mezani kwangu na chai mkononi. "Dada, mawe yako na yangu yamezaliwa tumbo moja kweli? Yako yana kutu ya uzeeni, yangu bado vijana."

Nilijua. Kabla hajamaliza kucheka nilikuwa nimeshaiona rangi ya tofali. Nikamwambia, mbele ya watu, "Hamisi, wewe kwenu ni pwani, mawe hujayazoea. Rudia, na safari hii uangalie tindikali yako." Ofisi nzima ikacheka. Akarudia. Akapata ile ile. Nikamwambia arudie tena. Baada ya hapo hakuja tena mezani kwangu na chai. Aliomba kuhamia kitengo cha maji, akatumia maisha yake yote ya kazi kupima visima. Visima vinahitaji watu, sisemi. Lakini alikuwa na jicho la miamba kuliko mimi, na nilimfukuza akiwa na namba sahihi mkononi. Amefariki. Siwezi tena kumwomba radhi, na hilo linanikera kuliko ugonjwa huu wote. Ninapokohoa usiku nafikiri habari za Hamisi, sifikirii habari za mapafu.

Kwa hiyo niliposikia binti yangu dirishani akisema "nitarudia mpaka niipate," nilimsikia Hamisi. Tofauti ni kwamba Hamisi nilimlazimisha, nawe unajilazimisha mwenyewe, kwa mapenzi. Na mimi nimekaa na ungo wa maharage.

Sasa jambo la kufanya, kwani najua utauliza. Vibonge vizima ulivyofunga kwenye magazeti ni vizuri. Havikuwahi kuona moto wa Ndandalo. Vipasue, achana na ngozi ya nje iliyozeeshwa na mvua, ingia ndani. Ninyi siku hizi mnapima chembe moja moja bila kusaga, mnaiangalia spineli peke yake, ile nyeusi ndogo inayobeba sehemu kubwa ya chuma cha pili. Sisi hatukuwa na mashine hizo. Utakachokiona humo, kiamini. Kikiwa kidogo, ni kidogo. Kikiwa kingi, angalia kwanza kama si wewe unayetaka kiwe kingi.

Ile chupa ya unga nilitaka kuimwaga. Mchana, ulipotoka tu, niliitoa kwenye soksi nikafika nayo mpaka chini ya mikakao. Nikashindwa. Kuimwaga kungekuwa "basi, acha" nyingine, na wewe ungefika huko ukaamini imepotea safarini na namba yake ikabaki. Nimeirudisha begini. Nimebandika karatasi nikaandika: Umeungua. Usipimwe kama mwamba. Kisha jina langu kamili. Mwandiko umepinda kwa sababu ya mkono, lakini unasomeka.

Najua gharama yake. Nafasi hiyo uliipata kwa kuandika kwamba unakwenda kueleza kwa nini chuma cha chini yetu kimeoksidika kuliko cha wengine. Hakuna cha kueleza tena. Profesa anaweza kusema sawa, tutafute swali jingine, na mwamba wetu bado una maswali: kama chuma hakikuoksidika kiasi kile, zile gesi za milimani zinatoka wapi? Hilo ni swali zuri kuliko langu. Au anaweza kusema ufadhili ulikuwa wa swali lile tu. Ukirudishwa nyumbani kwa sababu ya sufuria langu, watu waliokuletea mchele watauliza, nawe utakuwa na haki ya kuwaambia ni kosa la mama yako. Waambie hivyo hivyo. Usitafute maneno laini. Nimekula maneno laini maisha yangu yote na sasa ninaondoka na njaa.

Nami ninaondoka, tuache kudanganyana. Kila mara unasema "nikirudi likizo utanipikia samaki mbasa." Sitakupikia mbasa, Atupele. Ndiyo maana sina muda wa kungoja uigundue mwenyewe, uone haya kwa niaba yangu, kisha uifiche kwa heshima ya marehemu. Najua ungefanya hivyo. Nimekulea mimi, najua ulivyo. Usinistahi kwa namna hiyo. Ukiandika kazi yako, usiandike "vipimo vya awali vilikuwa na kasoro" kana kwamba kasoro ilijiingiza yenyewe usiku. Andika nani alifanya, alifanya wapi, na kwamba alijua. Kisha uandike kwamba Hamisi alipima sawasawa kabla yako. Nimeandika jina lake lote nyuma ya karatasi hii, pamoja na kituo chake cha kazi, ili usikosee.

Nilifikiri kuichomeka barua hii begini uisome ukishafika, ukiwa mbali, ukiwa peke yako. Ingekuwa rahisi kwangu. Ungelia huko, nami huku ningelala. Lakini huko ukifika utakuwa umeshakaa mbele ya profesa na namba yangu mdomoni.

Kwa hiyo kesho alfajiri nakuja stendi. Usiniambie kuna baridi, nimeshaongea na kijana wa bajaji. Nitakupa barua hii mkononi kabla hujapanda, na nitasimama mbele yako mpaka uimalize yote. Ukitaka kunifokea, nifokee hapo, mbele ya watu. Ukitaka kuuliza, uliza, nitajibu kwa kadiri ya kifua. Kisha, nikiwa naona, utamwandikia profesa wako kwamba namba ya mama yako imefutwa na mwenyewe.

Na kama dereva atapiga honi, mwache apige.

Mama yako